Sanduku la 221K na uvundo uliokuwa ukirudi

Cherehani yenyewe haikuwa na kasoro. Ilifika mezani kwangu ikishona vizuri tu, nyuzi za juu na za chini zikikutana katikati ya kitambaa kama inavyotakiwa, mota ikizunguka bila kelele. Kilichomleta mwenye nayo ni sanduku. "Fundi, mashine usiiguse," aliniambia. "Niondolee huu uvundo tu." Akafungua vifungo viwili vya chuma, akainua kifuniko, kisha akasogea nyuma hatua moja kwa mazoea, kama mtu anayefunua sufuria inayochemka.

Mimi sikusogea, nikajuta. Ulikuwa uvundo wa nguo zilizosahaulika kwenye beseni, ukichanganyika na wa karatasi kuukuu, na juu yake manukato ya maua na vidonge vya nondo, vyote vikigombea pua moja.

Mashine ni Singer 221K nyeusi, ile ndogo inayojulikana zaidi kwa jina la Featherweight. Toleo la 221 lilianza kuuzwa Marekani mwaka 1933, na herufi K inaonyesha kwamba hii ilitoka kiwanda cha Kilbowie, huko Clydebank, Uskoti, ambacho kilifungwa 1980. Ina uzito wa kilo 5 hivi, na upande mmoja wa kitako chake hukunjwa kwenda juu ili iingie sandukuni bila kuchukua nafasi kubwa. Kwa cherehani za meza, sanduku ni kifuniko tu cha kuzuia vumbi. Kwa hii, sanduku ndiyo nyumba. Kazi ikiisha inarudi ndani na kufungiwa, siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo sanduku likinuka, cherehani nayo inanuka, kitambaa kinachopita chini ya sindano kinanuka, na mshonaji anaanza kutafuta visingizio vya kutoshona.

Ilikuwa ya shangazi yake. Shangazi alipofariki, sanduku lilisukumwa stoo na kukaa miaka kama tisa sakafuni, limeegemea ukuta wa nje. Hilo la ukuta wa nje nilimuuliza mara mbili, maana kwenye kesi za harufu swali la kwanza ni kitu kilikaa wapi na kiligusana na nini. Ukuta wa nje mara nyingi huwa baridi kuliko hewa ya chumbani, na hewa yenye unyevu ikigusa ubaridi huacha maji. Sanduku lililoegemea hapo huyanywa kidogo kidogo, na ukilipapasa hutasema limelowa.

Aliyoyajaribu kabla ya kunifikia yalikuwa mengi, na karibu yote ni yale watu wanayoambiana. Manukato ya kunyunyizia nguo. Bakuli la magadi ya kuokea likiachwa ndani wiki nzima. Vidonge vya nondo, pakiti nzima. Kahawa iliyosagwa. Sikumlaumu, ila nilimweleza kwa nini hakupata kitu. Magadi ya kuokea husaidia pale harufu inapotokana na asidi, kama maziwa yaliyochacha. Uvundo wa ukungu kwa sehemu kubwa si asidi, kwa hiyo magadi hayana cha kushikana nacho. Kahawa na manukato hufunika kwa siku mbili. Vidonge vya nondo ndivyo vilivyonikera, kwa sababu mvuke wake hupenya kitambaa na karatasi ukakaa humo, na si hewa nzuri ya kumfungia mtu ndani ya chumba cha kushonea. Kusema kweli, harufu ya vidonge hivyo ilinichukua muda kuliko nilivyokadiria, na ilikuwa ya kujitakia.

Sasa kosa langu mimi. Kwenye kona ya chini ya sanduku niliona madoa ya kijivu, mviringo mviringo, nikasema moyoni: ukungu, kesi imekwisha. Nikachukua siki, nikaloweka kitambaa, nikapangusa bitana yote ya ndani. Harufu ikapungua kweli. Siku tatu sanduku likawa na harufu ya siki, kisha siki ikayeyuka, na uvundo ukarudi kama mtu aliyetoka kidogo kununua kitu. Zaidi ya hapo, bitana ilikuwa imevimba sehemu mbili, mapovu ya ukubwa wa kiganja. Siki ya kawaida ina asidi ya asetiki asilimia 5 hivi; iliyobaki ni maji. Nilichofanya ni kulowesha kitu ambacho shida yake ilikuwa maji.

Mapovu yale ndiyo yaliyonifanya nikae chini na kufikiri. Bitana haivimbi kwa sababu ya ukungu. Inavimba kwa sababu gundi iliyo nyuma yake imelegea. Na gundi inayolegea kwa maji ya uvuguvugu peke yake ni aina moja ninayoijua vizuri kwenye samani na masanduku ya zamani: gundi ya wanyama, inayopikwa kutokana na ngozi na mifupa. Kimsingi ni jelatini. Ikikauka ni ngumu kama kioo, ikipata unyevu inarudi kuwa nyama.

Lakini dhana si ushahidi, na nilikuwa nimeshakosea mara moja. Nikaamua kutafuta anwani ya harufu kabla ya kugusa kitu kingine.

Njia ninayoitumia haina ufundi wowote. Nilichukua chupa sita za kioo za mdomo mpana zenye vifuniko, nikaziosha na kuzianika. Kila chupa ikapata kipande chake: feliti (kile kitambaa kizito cha kunyonya mafuta) iliyotoka chini ya mashine, kipande cha bitana kilichojibandua penye povu, vipande vidogo vya kitambaa cheusi cha nje kutoka sehemu iliyokwisha kuchanika, kijitabu cha maelekezo, na waya wa kanyagio. Ya sita niliiacha tupu. Nikazifunga, nikaziweka mahali penye joto kidogo usiku kucha, kwa sababu joto husukuma gesi zitoke. Chini ya kila chupa niliandika namba, orodha ya namba nikaikunja mfukoni.

Asubuhi nikamwita kijana ninayemfundisha kazi. Pua yangu ilikuwa imeshachoka. Mtu akikaa na harufu dakika chache tu pua inaizoea, na anaweza kuapa kuwa imekwisha wakati mgeni mlangoni anakunja uso. Kijana hakujua kilichomo. Alifungua moja, akanusa, akafunga, akatoka nje kuvuta hewa, akarudi. Chupa tupu akaisema tupu. Feliti akasema, "Mafuta. Mafuta mazee, lakini mafuta." Waya ukawa mpira. Kitambaa cheusi kilikuwa na harufu kidogo, akasita. Kijitabu kikawa "stoo ya vitabu". Alipofika namba nne alikirudisha kifuniko haraka akaniangalia. "Mzee, hii ni ngozi mbichi iliyoloa. Umeweka nini humu?"

Namba nne ilikuwa bitana.

Hapo inabidi nieleze kidogo kuhusu uvundo, kwa sababu watu wengi hudhani ni uchafu na kwamba uchafu ukioshwa umekwisha. Uvundo ni gesi. Ukungu na bakteria wakila na kuishi hutoa kemikali nyepesi zinazoruka hewani. Mojawapo inaitwa geosmini, ile ile inayotupa harufu ya udongo mvua inapoanza; pua ya binadamu huigundua ikiwa sehemu chache tu kwa trilioni. Nyingine ni aina ya alkoholi inayonuka kama uyoga. Kiasi kidogo namna hiyo hakihitaji ukungu ulio hai. Ukungu unaweza kuwa umekufa zamani, na gesi zake bado zimehifadhiwa ndani ya gundi, karatasi na ubao, zikitoka taratibu. Ndiyo maana kuua ukungu na kuondoa uvundo ni kazi mbili tofauti.

Na ndiyo maana harufu hurudi siku za mvua. Vitu vyenye vinyweleo, yaani vitundu vidogo sana, hushikilia gesi hizi kwenye kuta za vinyweleo vyake. Hewa ikiwa na unyevu mwingi, maji huingia mle mle na kuzisukuma zitoke. Mwenye sanduku alikuwa amelisema hilo bila kujua analisema: "Kiangazi naisahau kabisa, fundi. Ikinyesha tu, hivi." Akakunja pua.

Nilianza na ukaushaji, kwa sababu hakuna dawa inayofanya kazi kwenye kitu chenye maji ndani. Cherehani na vifaa vyote vikatoka. Nje, nikiwa nimevaa barakoa nzito na glovu, nilifyonza vumbi lote kwa mashine yenye chujio laini. Kupiga brashi kavu ndani ya nyumba ni kusambaza mbegu za ukungu kila pembe. Kisha sanduku likakaa wazi kwenye chumba chenye upepo, kifuniko kikiwa kimesimama, kila sehemu ikipata hewa.

Watu huniuliza nitajuaje kuwa limekauka. Lipime uzito. Nililiweka kwenye mizani ya jikoni siku ya kwanza: gramu 2,910. Kila asubuhi nikaandika. Siku ya 11 lilikuwa gramu 2,790, na siku mbili zilizofuata halikushuka tena. Gramu 120 ni karibu nusu glasi ya maji, na lile sanduku lilikuwa likionekana kavu kabisa siku lilipoletwa.

Jua nililitumia kwa adabu. Muda wa saa mbili tu asubuhi, nikigeuza kila baada ya muda, basi. Miale yake huua ukungu ulio juu juu na joto lake hufukuza gesi, lakini sanduku jeusi juani hupata joto haraka, gundi ya zamani hulainika na ubao mwembamba hujipinda. Nimewahi kuona kifuniko cha sanduku la mbao iliyopindwa kikikataa kukaa kwenye kitako chake baada ya siku moja juani. Hakikurudi kamwe.

Baada ya hapo ukaja mkaa. Si mkaa wa jikoni. Huo una vinyweleo vichache na ni mchafu. Ninaosema ni kaboni amilifu, ile inayowekwa kwenye vichujio vya maji na vya matangi ya samaki. Gramu moja ya kaboni hiyo ina eneo la ndani la mita za mraba mamia, hata kupita elfu, na gesi za namna hii hunasa humo vizuri sana. Niliweka mifuko miwili ya kitambaa ndani, nikafunga kifuniko wiki nzima. Nilipofungua, manukato yalikuwa yamekwisha, vidonge vya nondo vimebaki kwa mbali, uvundo umepungua kiasi kwamba mwenye sanduku angeweza kulichukua na kushukuru.

Sikulirudisha. Kaboni husafisha hewa iliyo ndani ya sanduku, haichimbi kwenye gundi. Nilisubiri mvua. Ilinyesha siku mbili mfululizo, na asubuhi ya tatu kijana alifungua sanduku, akasema neno moja: "Ngozi."

Bitana ilipaswa kung'oka. Hapa nilimpigia simu, kwa sababu sanduku la asili lenye bitana yake ya asili lina thamani kwa wakusanyaji, na ukishaing'oa huwezi kuirudisha. Nilimweleza yote, pamoja na kwamba angeweza kukaa nalo hivyo hivyo na mifuko ya kaboni, akiibadilisha kila baada ya miezi michache. Akanijibu kuwa shangazi alimwachia cherehani ya kushonea, si ya kuweka kabati la kioo. Nikapiga picha kila upande, nikahifadhi kipande cha bitana kwenye bahasha, nikaanza.

Nilianzia ukingo wa juu wa kifuniko. Kitambaa kilicholoweshwa kwa maji ya moto na kukamuliwa sana, kikawekwa juu ya bitana kwa dakika mbili hivi, si zaidi. Karatasi ya bitana ikageuka rangi. Nikaingiza kisu kipana cha kupakia pati, nikisukuma kwa ubapa bila kukwangua, na bitana ikaanza kuachia kwa ukanda mrefu, ikitoa sauti kama bandeji inayovuliwa taratibu. Nyuma yake gundi ilikuwa imegeuka utelezi wa rangi ya chai. Nilipoigusa kwa kidole na kidole gumba na kuvitenganisha, ilivutika kuwa uzi. Harufu iliyotoka wakati huo siwezi kuieleza vizuri zaidi ya kijana. Nilitoka nje, nikasimama, nikarudi.

Kisha nikaona kitu ambacho kilimaliza mabishano yangu yote ya moyoni. Gundi ilikuwa imepakwa kwa brashi, kwa mkono, na mapigo ya brashi yalikuwa bado yanaonekana: mikunjo mipana, ya haraka, ya mtu aliyekuwa na masanduku mengi mbele yake siku hiyo. Ukungu, vidoto vyeusi vidogo kama pilipili manga iliyosagwa, ulifuata mapigo hayo hasa. Brashi ilipopita, vidoto vilikuwepo. Iliporuka, ubao ulikuwa mweupe, safi. Ukungu haukuwa unakula ubao wala karatasi. Ulikuwa unakula jelatini. Miaka tisa ukutani ulikuwa unakula mlo mmoja.

Kuondoa mabaki ya gundi ndiko kulikochukua muda mrefu kuliko yote, siku nne kwa vipindi. Kitambaa chenye joto, subiri, kwangua, futa, kausha kidogo, rudia. Kishawishi ni kumwaga maji mengi ili umalize, na kishawishi hicho kitafumua tabaka za ubao, kwa sababu pembe nazo zilishikwa kwa gundi hiyo hiyo. Ubao wa ndani ulipobaki mtupu, niliupangusa kwa spiriti ya asilimia 70. Hapa onyo kwa yeyote atakayejaribu: spiriti isisogee karibu na cherehani yenyewe. Koti la juu linalolinda maandishi ya dhahabu kwenye mashine nyingi nyeusi za zamani huyeyuka kwa spiriti, na tone moja huacha doa lisilofutika. Kitambaa cheusi cha nje nacho kinaweza kupoteza mng'ao. Niliyafunika yote kwa plastiki na utepe, na bado nilifanya kazi hiyo chumba kingine.

Nikalirudisha kwenye mizani na kungoja uzito utulie tena. Msasa laini, barakoa, kufyonza vumbi. Kisha shelaki, ile vanishi ya spiriti ambayo maseremala wa zamani waling'arishia samani, aina isiyo na nta. Mipako mitatu myembamba, kila mmoja ukikauka kabla ya unaofuata, madirisha wazi na hakuna moto karibu.

Kuna watakaosema shelaki ni kufunika harufu, kama manukato. Nimebishana na mafundi wenzangu kuhusu hili. Manukato huweka harufu nyingine juu ya ile ya kwanza na zote mbili zinaendelea kuruka. Shelaki huweka utando ambao gesi hizi haziupenyi kwa urahisi, na unyevu unapunguziwa njia ya kuingia ubaoni. Kwangu mimi inakubalika kwa sharti moja, kwamba chanzo kimeshaondolewa na unachofungia ni mabaki. Kupaka shelaki juu ya bitana yenye gundi ile ingekuwa kuizika maiti sebuleni.

Niliulizwa pia kwa nini sikutumia dawa ya klorini, au zile mashine za kutoa ozoni. Klorini kwenye ubao hukaa juu juu huku maji yake yakizama ndani, inakula chuma cha bawaba na vifungo, na ikikutana na siki, ambayo nilikuwa nimeshaipaka, hutoa gesi ya sumu. Ozoni hufanya kazi kwa harufu fulani, hilo sikatai, ila inadhuru mapafu kwa viwango vinavyohitajika, inakausha na kupasua mpira, na ndani ya sanduku hili kulikuwa na gundi ambayo ingeendelea kuzalisha harufu kesho yake. Sikuona sababu.

Wakati shelaki ikikauka nilimalizia cherehani, maana nayo ilikuwa na lake dogo. Chini ya 221 kuna trei ya chuma inayoshikwa na nati moja kubwa ya mkono, na ndani ya trei kuna feliti ya kunyonya mafuta yanayodondoka. Ile iliyokuwemo ilikuwa nyeusi, ngumu pembeni, laini katikati. Nikaitupa, nikasafisha trei, nikaweka mpya. Mashine nikaipangusa kwa kitambaa kikavu na tone la mafuta ya cherehani. Vifaa vya chuma, sahani za kupigia mikunjo na bobini, vilisafishwa kwa mafuta taa na kukaushwa. Chuma hakihifadhi uvundo.

Kabla ya kuweka bitana mpya nilimwambia mwenye sanduku asubiri wiki tatu. Hakufurahi. Lakini nilitaka kulichokoza kwanza. Usiku mmoja niliweka bakuli lenye kitambaa kilicholowa ndani ya sanduku tupu, bila kugusa kuta, nikafunga. Usiku mmoja wa unyevu mkali hautoshi kuotesha ukungu, ila unatosha kusukuma gesi kama zipo. Asubuhi kijana alinusa kwanza sanduku hili, kisha ubao mpya niliopaka shelaki ile ile na kuuweka kwenye hali ile ile. "Yote mbao," alisema. Halafu akarudisha kichwa. "Ila hapa kwenye bawaba, kidogo."

Alikuwa sahihi. Kando ya bawaba kulikuwa na kijiti cha mbao kilichoshikilia trei ndogo ya vifaa, kimepigiliwa misumari midogo juu ya gundi. Sikuwa nimekitoa kwa kuhofia kukivunja. Nilikitoa, chini yake gundi ilikuwa nene kama ukucha, na ile harufu ikanikaribisha tena kwa mara ya mwisho. Nikakwangua, nikapaka shelaki, nikakirudisha kwa gundi nyeupe ya seremala. Usiku uliofuata jaribio likarudiwa. Kijana alishindwa kutofautisha, na nilimbadilishia nafasi ya sanduku na ubao mara tatu.

Bitana mpya ni pamba nyembamba, iliyobandikwa kwa gundi nyeupe ile ile, tabaka jembamba tu. Wapo wanaotumia uji wa unga kwa sababu ni wa asili na unaondoka kirahisi siku ya matengenezo. Ni kweli, na pia ni chakula cha ukungu, kama jelatini ilivyokuwa.

Nilimrudishia na masharti machache. Sanduku lisikae sakafuni wala lisigusane na ukuta wa nje. Ndani liwe na vipakiti viwili vya jeli ya silika, vinavyokaushwa upya kwenye oveni ya moto mdogo vinaposhiba maji. Nilimpa pia kipima unyevu kidogo cha saa ya mkononi kwa ukubwa, kikae chumbani na si sandukuni, na chumba kikipita asilimia 60 kwa siku nyingi basi sanduku liachwe wazi au dirisha lifunguliwe. Na akimaliza kushona huku akitumia pasi ya mvuke, asifungie mashine papo hapo, aiache ipumue.

Kijitabu cha maelekezo sikufanikiwa nacho. Karatasi hainitii, nikiilowesha inaharibika, nikiianika inakunjamana. Kiko kwenye chupa na kaboni, kinapungua harufu polepole, na sidhani kitakwisha.

Miezi minane baadaye alikuja na mashine, sindano imekwama kwenye jinzi. Ilikuwa wiki ya tatu ya mvua. Aliweka sanduku mezani, akafungua vifungo viwili, akainua kifuniko, na hakusogea nyuma. Alikuwa na lalamiko moja tu, kwamba rangi niliyochagua ya bitana inaonyesha kila uzi unaodondoka.